.22 Hornet haikusanyi: anza na ganda, baruti baadaye

Anayejaza risasi zake mwenyewe kwa ajili ya .22 Hornet, bunduki ya risasi ndogo nyembamba, hufika mahali pale pale. Risasi za dukani zinakusanya vizuri kiasi, yaani matundu yake hukaribiana kwenye shabaha, alizojaza yeye zinatawanyika, na hajui kwa nini. Kinachofuata karibu kila mara ni kubadili baruti. Ya pili ikishindwa hununuliwa ya tatu, halafu aina nyingine ya vichwa (sehemu ya mbele ya risasi, inayoruka hadi kwenye shabaha), na mwishowe bunduki inauzwa kwa bei ya kutupa huku ikiitwa mbovu. Nalisema hili bila kusita: kwenye Hornet, kosa liko kwenye ganda mara nyingi kuliko lilivyo kwenye baruti. Ganda lake ni dogo, jembamba, lina ukingo kwenye kitako, na lina tabia ambazo mtu aliyezoea risasi ya .223, iliyo kubwa zaidi, hazijui.

Tabia hizo zina historia. Hornet ilitengenezwa miaka ya 1920 kwenye ghala la silaha la jeshi la Marekani huko Springfield, Massachusetts, na wapenda shabaha wakiwemo Townsend Whelen na Grosvenor Wotkyns. Walichukua ganda la zamani la .22 WCF la mwaka 1885, lililoundwa kwa baruti nyeusi, wakalipa baruti ya kisasa. Winchester wakaanza kuuza risasi hizo mwaka 1930, kabla kiwanda chochote hakijatoa bunduki yake. Kwa hiyo unachoshika mkononi leo ni umbo la karne ya 19: kuta nyembamba, mwili unaopungua taratibu kuelekea mbele, bega lenye mteremko mdogo, na ukingo wa kitako unaolisimamisha ganda ndani ya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Matatizo mengi hapa chini yanatokana na mambo hayo manne.

Kabla ya kugusa presi

Kujaza risasi nyumbani, kwa presi ya mkono inayolirudisha ganda umbo na kukiingiza kichwa, ni jambo la kawaida na halali sehemu kubwa ya Marekani, na mwongozo huu ni kwa anayeishi huko au mahali pengine ambapo sheria inaruhusu. Kenya na Tanzania kutengeneza risasi ni kazi ya mwenye leseni. Aliye huko abaki na risasi za dukani. Sehemu zinazohusu mtutu, darubini na upepo zitamfaa vile vile.

Sitataja kipimo cha baruti cha kuanzia wala cha kumalizia. Vipimo hivyo huchukuliwa kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa vichwa, toleo la karibuni, kwa uzito ule ule wa kichwa na aina ile ile ya fataki (kikombe kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti) iliyoandikwa humo. Anza na kipimo cha chini kilichoandikwa, kisha panda kidogo kidogo. Baruti mbili zenye namba moja lakini watengenezaji tofauti zihesabu kuwa baruti mbili tofauti. Mezani liwepo kopo moja tu la baruti, na ukimaliza lirudi kabatini. Miwani ya kukinga macho ivaliwe wakati wa kujaza na wakati wa kupiga.

Jambo la mwisho kabla hatujaanza: usihukumu mchanganyiko kwa risasi tatu. Kundi la risasi tatu linaweza kuwa dogo kwa bahati tu, na kesho yake mchanganyiko ule ule ukakuangusha. Piga tano, uzirudie siku nyingine, au piga kumi kwenye karatasi moja. Hornet nzima yenye mtutu mzuri ikikupa inchi 1 hadi 1.5 kwa yadi 100, siku baada ya siku, hiyo ni bunduki ya kutunza.

Makundi mawili kwenye karatasi moja

Naanza na hili kwa sababu halina uhusiano na ujazaji, na watu huteketeza vichwa na baruti nyingi kulitibu kwa njia isiyo yake. Ukiona matundu matatu huku na mawili kule, sentimita kadhaa mbali, kila upande ukiwa umekusanya vizuri, basi kuna kitu kinachohama kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Kaza skrubu za vishikizo vya darubini, za chini na za juu. Kaza skrubu zinazoshika bunduki kwenye mbao. Pitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na mbao: kama kinakwama mahali, mbao inaugusa mtutu, na unyevu au joto likibadilika mguso unabadilika nao. Vyote vikiwa sawa, weka darubini nyingine unayoiamini na upige tena. Darubini za bei nafuu huharibika ndani bila dalili yoyote ya nje.

Kabla hujaendelea, piga risasi za dukani za aina moja. Nazo zikitawanyika, tatizo halipo kwenye presi yako.

Kundi limefunguka pande zote, bila mpangilio

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote na ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu sababu zake ni nyingi na hukaa pamoja. Zifuate kwa mpangilio huu.

Kwanza, maganda. Angalia maandishi kwenye vitako. Kama umechanganya maganda ya viwanda viwili au vitatu, hapo umeshapata sababu ya kutosha. Unene wa kuta hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda, na ukuta ukiwa mnene zaidi nafasi ya ndani inapungua. Kwenye risasi kubwa ya .30-06 inayobeba karibu greini 50 za baruti (greini ni kipimo kidogo sana cha uzito), tofauti ndogo ya nafasi haionekani kwenye shabaha. Hornet hubeba karibu moja ya tano ya hiyo. Kosa la greini 0.2 ambalo kwenye .30-06 halifiki hata nusu ya asilimia moja, hapa linakaribia asilimia mbili. Tenganisha maganda kwa kiwanda, na ikiwezekana kwa boksi, na kila fungu lihesabiwe limepigwa mara ngapi.

Kwa sababu hiyo hiyo, pima baruti kwa mizani, moja moja, unapotafuta usahihi. Kipimio cha mkono kinafaa kwa baruti za chembe za duara kama H110, ambazo hutiririka bila kukwama. Baruti za vijiti vifupi kama IMR 4227 hukatwa na kipimio, na kila mkato hubadilisha kiasi. Faneli nayo iwe na mdomo mwembamba unaoenea vizuri kwenye shingo ya Hornet, la sivyo chembe chache zitabaki nje kila mara nawe hutajua.

Pili, mbano wa shingo. Hapa ndipo penye utajiri wa makosa. Shingo ya Hornet ni nyembamba, kwa hiyo inashika kichwa kwa nguvu ndogo, na nguvu hiyo inatofautiana kati ya ganda lililopigwa mara moja na lililopigwa mara sita. Unapoingiza vichwa kwenye presi, uache mkono wako upime. Kimoja kikiingia kwa kuteleza na kingine kikihitaji msukumo, hivyo viwili havitatoka mtutuni kwa kasi moja. Tenga vile vinavyoteleza, vitumie kupashia mtutu. Wajazaji wengi wa Hornet hubana kidogo mdomo wa ganda kwa dai ya kola (dai ni kalibu la chuma linalofungwa kwenye presi) baada ya kuingiza kichwa, ili baruti ipate upinzani ule ule kila mara, na mimi nakubaliana nao. Ubanaji uwe mwepesi. Ukiona mdomo umeacha mkunjo mkubwa kwenye koti la shaba, umezidisha.

Tatu, risasi iliyopinda. Iviringishe risasi uliyojaza juu ya kipande cha kioo kilicholala sawasawa na uitazame ncha. Ikizunguka imetulia, ni njema. Ncha ikicheza juu na chini, kichwa kimekaa upande. Mara nyingi mkosaji ni kitanuzi, ile tufe ndani ya dai ambayo hupita shingoni wakati wa kurudi. Shingo ikiwa kavu, tufe huivuta na kuipinda, na shingo nyembamba hivi haina nguvu ya kukataa. Paka ndani ya shingo vumbi kidogo la grafati, ling'arishe tufe lenyewe, au tumia dai ya kola inayobana shingo kutoka nje bila kuivuta.

Nne, kipenyo cha kichwa. Mitutu ya kisasa huchukua vichwa vya inchi .224, yaani milimita 5.69. Mitutu mingi ya zamani ilichimbwa kwa .223. Kichwa kipana zaidi ndani ya mtutu mwembamba hupandisha shinikizo, na kichwa chembamba ndani ya mtutu mpana huingia kimelegea. Kama bunduki yako ni ya miaka mingi au umeirithi, mpelekee fundi apitishe kipande laini cha madini ya risasi ndani ya mtutu na apime kilichotoka, kabla hujajaza hata moja.

Tano ndiyo baruti. Ukishamaliza hayo manne, sasa jaribu. Lil'Gun, H110, 2400, IMR 4227 na Accurate 1680 zote zina sifa nzuri kwenye Hornet, na kila mtutu una chaguo lake. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na ukiandike. Kumbuka tu kwamba H110 haitaki kupunguzwa chini ya kiwango cha kitabu. Ukiipunguza sana huwaka vibaya, na kuwaka vibaya kwa baruti ya aina hiyo ni hatari, si suala la shabaha tu.

Matundu yamepangana kutoka juu kwenda chini

Mstari wa wima kwa kawaida ni kasi isiyo sawa. Risasi ya polepole hufika chini, ya haraka hufika juu. Kama una kronografu, yaani kipima kasi ya risasi, kitakuonyesha. Rudi kwenye mbano wa shingo na kwenye mizani kabla ya kingine chochote.

Ukiona vyote viko sawa, tazama fataki. Ganda la Hornet ni dogo kiasi kwamba fataki kali ya bunduki inaweza kukisukuma kichwa mbele kabla baruti haijashika moto sawasawa. Ndiyo maana wajazaji wengi hutumia fataki ndogo za bastola kwenye Hornet, na zimewapunguzia mstari wa wima. Fanya hivyo pale tu ambapo kitabu chako kina vipimo vilivyojaribiwa kwa fataki ya aina hiyo, kwa maana kikombe chake ni chembamba na hakikuumbwa kwa kila shinikizo.

Kuna sababu mbili za nje ya ganda. Ya kwanza ni mtutu mwembamba uliopata moto: risasi mbili za kwanza chini, kisha kila moja inapanda. Ngoja mtutu upoe hadi uweze kuushika bila kuondoa mkono, ndipo upige inayofuata. Ya pili ni jinsi unavyoilaza bunduki kwenye mifuko ya mchanga. Mbao ya mbele iguse mfuko mahali pale pale kila mara, na mtutu wenyewe usiguse chochote kabisa.

Matundu yamepangana kulia na kushoto

Upepo. Vichwa vya Hornet ni vyepesi, greini 35 hadi 45, na upepo wa pembeni unaotikisa majani tu unatosha kufungua kundi kwenye yadi 100. Funga utepe mwepesi kwenye mti nusu ya njia na upige utepe ukiwa umelala upande ule ule. Siku ya jua kali, yale mazigazi unayoyaona yakitiririka ndani ya darubini yanakuambia upepo unaenda wapi; yakichemka moja kwa moja kwenda juu, upepo umetulia au unageuka. Kama hakuna upepo na mstari bado uko, ni kidole chako kwenye triga au bega linalosukuma kitako cha bunduki upande mmoja.

Tundu lina umbo la yai

Tundu la mviringo kamili linamaanisha risasi iliingia kwa ncha. Tundu la umbo la yai, au lenye alama ya ubavu wa kichwa, linamaanisha risasi ilikuwa ikiyumba angani. Hapa chanzo karibu kila mara ni msokoto wa mtutu, yaani jinsi michirizi ya ndani inavyoizungusha risasi. Hornet nyingi zina mzunguko mmoja kwa kila inchi 16, kwa sababu zilitengenezwa kwa vichwa vifupi vya greini 45. Ukiweka kichwa cha greini 55 au 60 kinachofaa .223, msokoto huo hautoshi kukituliza. Kinachoamua ni urefu wa kichwa kuliko uzito wake, kwa hiyo vichwa vya shaba tupu, ambavyo ni virefu kwa uzito wao, huanguka mapema kuliko vya madini ya risasi vyenye koti la shaba.

Pima msokoto wako mwenyewe. Hakikisha bunduki haina risasi, kisha ingiza fimbo ya kusafishia yenye kitambaa kinachobana na mpini unaozunguka, weka alama kwenye fimbo, uisukume mpaka alama ifanye mzunguko mmoja kamili, na upime umbali uliosogea. Ukikuta inchi 16, kaa kwenye greini 45 kushuka chini. Kichwa cha greini 35 cha Hornady V-Max kilitengenezwa kwa kuifikiria Hornet, na kwenye mitutu ya zamani ya msokoto wa polepole hukaa vizuri.

Kama kichwa ni kifupi na tundu bado ni yai, tazama mdomo wa mtutu kwa kioo cha kukuzia. Mkwaruzo mdogo kwenye ukingo wa ndani huachia gesi upande mmoja kabla ya mwingine. Hiyo ni kazi ya fundi, na ni ya muda mfupi.

Bega limefinywa, au risasi haiingii chemba

Ukishaingiza kichwa, lete ganda karibu na taa na uligeuze polepole. Pale shingo inapokutana na bega, tafuta mkunjo mdogo, duara iliyovimba ambayo mwanga unaikamata kabla jicho halijaiona. Hilo ni bega lililofinywa. Ganda la .223 lingevumilia msukumo ule. La Hornet halivumilii. Risasi yenye mkunjo huo ama itakataa kuingia chemba, ama itaingia kwa nguvu huku imepinda.

Sababu ya kwanza ni mdomo wa ganda usiosafishwa. Baada ya kukata ganda kwa urefu, ukingo wa ndani hubaki mkali na kichwa cha kitako bapa hukwama hapo. Upitishe mkataji wa pembe ndani ya mdomo, mizunguko miwili au mitatu ya vidole, mpaka kichwa kikae chenyewe juu ya mdomo bila kuanguka. Sababu ya pili ni dai ya kuingizia vichwa iliyoshushwa mno, ikaanza kubana mdomo huku kichwa bado kinasukumwa ndani. Fungua dai mzunguko mmoja kwenda juu, halafu shusha fimbo yake ya ndani mpaka upate kina ulichokuwa nacho. Ubanaji ufanye kama hatua ya peke yake. Sababu ya tatu ni grisi nyingi wakati wa kurudisha ganda kwenye umbo: grisi haina pa kwenda ndani ya dai, inakibonyeza chuma na kuacha dimbwi begani. Ganda lenye dimbwi dogo la grisi bado linafaa. Lenye mkunjo lisipigwe.

Ukikuta risasi inakataa chemba wakati bega ni safi, pima urefu wa ganda. Kiwango cha juu ni milimita 35.64. Ganda huongezeka urefu kila linapopigwa na kurudishwa umbo, na likizidi kiwango mdomo wake hukutana na mwisho wa chemba na kukibana kichwa kisitoke. Shinikizo hupanda hapo hapo. Kata hadi karibu milimita 35.4 na upime maganda yote, si moja la sampuli.

Kuhusu urefu wa risasi nzima: kiwango ni milimita 43.76, na magazini nyingi za Hornet hazikubali zaidi. Wanaotaka kukisogeza kichwa karibu na michirizi ya mtutu hukuta magazini imewazuia kabla hawajafika. Fanya marekebisho kwa hatua ya robo milimita, ndani ya kiasi magazini inachokubali. Kukizamisha kichwa zaidi kunapunguza nafasi ya baruti, na kwenye ganda dogo hivi shinikizo hupanda upesi. Kukigusisha kwenye michirizi nako hupandisha. Kila unapobadili kina, shuka kwanza kwenye kipimo cha chini cha baruti.

Ganda linakatika juu ya kitako

Hili ndilo tatizo lililoipa Hornet jina baya la kula maganda, na lina tiba kamili.

Hornet inasimama ndani ya chemba kwa ukingo wa kitako, kwa hiyo viwanda havikulazimika kuwa makini sana na mahali bega linapofika. Chemba nyingi zina nafasi mbele ya bega. Unapopiga, bega linasukumwa mbele kuijaza nafasi hiyo. Nyumbani unalirudisha ganda zima kwenye umbo, na dai inalisukuma bega nyuma. Ukipiga tena linaenda mbele. Chuma kinachoruhusu safari hiyo kinatoka mahali pamoja: ukuta ulio juu kidogo ya kitako kigumu. Kila safari ukuta unakonda, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa pale pale, mpaka siku moja kitako kinatoka na mwili unabaki chembani.

Dalili ya mapema ni mstari unaong'aa ukizunguka ganda, milimita chache juu ya ukingo. Usiishie kwa macho. Chukua kipande cha waya mwembamba mgumu, kikunje ncha iwe kindoano kidogo, kinoe, kisha kiingize kwa mdomo wa ganda mpaka chini na ukivute polepole ukutani kwenda juu. Ukuta mzima utausikia umenyooka mpaka juu. Ukuta uliokonda una mfereji, na ncha ya waya itatumbukia humo kwa mshituko mdogo unaoufikia kidole. Ganda hilo likunje kwa koleo ulitupe, lisirudi kwenye fungu kwa bahati mbaya.

Tiba ni kuacha kulisukuma bega. Chukua ganda lililopigwa kwenye bunduki yako mwenyewe, paka shingo na bega wino wa kalamu ya alama, kisha fungua dai ya kurudisha umbo mzunguko mzima kutoka mahali inapogusa kishikio cha ganda kwenye presi. Nyuzi za dai za kawaida ni 14 kwa inchi, kwa hiyo mzunguko mmoja ni karibu milimita 1.8. Ingiza ganda, litoe, tazama wino ulipokwanguka. Shusha dai robo mzunguko, rudia. Utaona mkwanguo ukishuka shingoni kuelekea begani. Simama kabla haujaligusa bega, funga nati ya dai, na jaribu ganda tupu chembani. Bolti ikifunga kwa upinzani mdogo unaousikia tu, hapo ndipo. Sasa ganda linasimama kwa bega na kwa ukingo pamoja, na maisha yake yanaongezeka sana. Mara nyingi kundi nalo linapungua, kwa sababu risasi imekaa katikati ya chemba badala ya kulala chini.

Maganda hayo ni ya bunduki hiyo peke yake. Ukiwa na Hornet mbili, weka mafungu mawili yenye alama.

Bolti nzito, fataki bapa

Hapa hakuna kujaribu tena. Bolti ikikataa kuinuka, fataki ikibapa mpaka ukingo wake ukapotea, ikitoboka, au kijumba chake kikilegea hadi fataki mpya inaingia bila upinzani, acha kupiga na zilizobaki uzifungue kwa nyundo ya kutolea vichwa. Usimalizie boksi. Kagua mizani kwa uzito wa kupimia, kagua kopo la baruti, urefu wa maganda, kipenyo cha vichwa. Fataki za bastola hubapa mapema kuliko za bunduki, ni kweli, lakini bolti nzito haina maelezo ya kutuliza.

Kuna hatari moja ya kipekee: kujaza baruti mara mbili. Baruti nyingi za Hornet hulijaza ganda kiasi kwamba mara mbili ingemwagika, lakini za haraka zaidi hazifanyi hivyo. Panga maganda kwenye ubao wenye mashimo, na kabla ya kichwa hata kimoja kuingia, pitisha tochi juu ya yote na uone usawa wa baruti ndani ya kila ganda.

Fataki haikulipuka, au imechelewa

Bunduki ibaki imeelekea shabaha, usifungue bolti, hesabu nusu dakika nzima au zaidi. Ukishaitoa, tazama alama ya pini. Alama nzito inamaanisha fataki iliharibika, mara nyingi kwa grisi ya vidole au mafuta yaliyobaki ndani ya ganda. Alama hafifu inamaanisha fataki haikukaa chini kabisa, ikalainisha pigo kwa kusogea. Pitisha kidole kwenye vitako vyote, fataki iwe chini kidogo ya uso wa kitako. Kama zote zimekaa vizuri na alama bado ni hafifu, pima unene wa kingo za vitako, kwa maana ukingo mwembamba huliacha ganda mbali na pini, kisha mwonyeshe fundi springi ya pini, hasa kwenye bunduki ya zamani yenye grisi iliyoganda.

Ilikuwa ikikusanya, sasa haikusanyi

Mchanganyiko ule ule, bunduki ile ile, na kundi linafunguka mwezi hadi mwezi. Anza na mtutu. Kasi ya Hornet huacha shaba kwenye michirizi, na mafuta ya kawaida hayaiondoi. Tumia dawa ya kuyeyusha shaba mpaka kitambaa kisitoke tena na rangi ya buluu. Baada ya kusafisha, risasi moja au mbili za kwanza zitaenda kwingine. Zipige pembeni, usizihesabu kwenye kundi.

Kisha shingo za maganda. Shaba nyeupe huwa ngumu kila inapobanwa na kutanuka, na shingo ngumu hukishika kichwa kila moja kwa namna yake, mpaka ianze kupasuka. Zinaweza kulainishwa kwa moto, kwa kuzungusha shingo kwenye ncha ya mwali kwa sekunde chache huku kitako kikiwa baridi mikononi mwako au ndani ya maji. Ganda la Hornet ni fupi, joto husafiri upesi. Kitako kikipata moto wa kulainika, ganda hilo haliwezi tena kubeba shinikizo na lazima litupwe. Asiye na uzoefu ni heri anunue maganda mapya.

Mwisho tazama tarehe ya kopo. Kopo jipya la baruti ile ile hutoka kwenye fungu jingine la kiwanda na linaweza kuwaka tofauti kidogo. Rudi kwenye kipimo cha chini na upande tena, ukiandika namba ya fungu ubavuni mwa boksi la risasi.